Vitu vya Mtoto Nilivyonunua Kariakoo: Vilivyofaa na Vilivyobaki Mfukoni

Mwanzoni mwa mwezi wa Machi, nikiwa na mimba ya miezi minane, nilikwenda Kariakoo, jijini Dar es Salaam, pamoja na wifi yangu kununua vitu vya mtoto, na jioni tulirudi nyumbani Mbagala tukiwa na mifuko mitatu mikubwa ambayo kondakta wa daladala aliitoza nauli kana kwamba ni abiria wa tatu. Mtoto alizaliwa katikati ya Aprili, masika yakiwa yamepamba moto, akiwa na uzito wa kilo 3.2. Sasa ametimiza miezi minne, na kila kilichokuwamo katika mifuko ile kimekwisha kutumika, kimegawiwa, au kimebaki vilevile kilivyotoka dukani. Tumetumia jumla ya shilingi 486,000, bila kuhesabu vifaa vya kujifungulia, na kwa hesabu zangu zaidi ya nusu ya fedha hizo ilikwenda kwenye vitu ambavyo mtoto hakuvihitaji.

Kipimo nilichotumia katika tathmini hii ni kimoja. Saa nane usiku, umeme umekatika, mtoto analia na mama mtu hajalala vizuri tangu juzi, mkono unapopapasa gizani unatafuta nini? Kitu kilichotafutwa namna hiyo mara nyingi nimekipa sifa hata kama bei yake ilikuwa ndogo, na kile ambacho sikuwahi kukitafuta nimekieleza hivyo hata kama wageni walikisifia. Niongeze kwamba huyu ni mtoto wangu wa pili. Wa kwanza alizaliwa Njombe, mwezi wa Juni, wakati wa baridi kali, kwa hiyo baadhi ya vitu nimeviona vikifanya kazi katika hali mbili za hewa zilizo mbali kama usiku na mchana.

Nianze na biashara yenyewe. Maduka ya vitu vya watoto yamejaa kando ya Mtaa wa Kongo na vichochoro vinavyoungana nao, na faida kubwa ya kununua huko ni kwamba bei ya jumla na ya rejareja zinakaa katika duka moja: anayechukua fulana dazeni nzima hupunguziwa kwa kila moja, ndiyo maana wajawazito wawili wanaokwenda pamoja na kugawana dazeni hutoka na nafuu kuliko anayekwenda peke yake. Hasara yake ni kwamba mjamzito hawezi kujificha. Wauzaji humwona kwa mbali, humwita "mama kijacho", humpa kiti na maji ya kunywa, kisha humwonyesha seti. Seti ni mfuko wa plastiki angavu wenye zipu, ambao ndani yake kumepangwa kofia, glovu, soksi, bibu, fulana, suruali na kiblanketi, vyote vya rangi moja, na juu yake kuna picha ya mtoto wa Kizungu anayecheka. Nilinunua seti moja kwa shilingi 45,000, na ndiyo niliyojutia kwanza. Fulana mbili kati ya nne zilikuwa za nailoni tupu, bibu hazikuwa na kazi kwa mtoto asiyekula, na kiblanketi kilikuwa chepesi mno kwa baridi na kizito mno kwa joto. Kilichodumu ni mfuko wenyewe, ambao sasa unahifadhi vyeti na kadi ya kliniki. Anayetaka fulana na azinunue moja moja, azishike kwa vidole na kuzigeuza ndani nje kuangalia mishono, maana mshono mnene wa kwapani humkwaruza mtoto mchanga ambaye ngozi yake bado ni laini sana.

Kitu nilichokitafuta gizani kuliko vyote ni khanga. Najua kwamba kumwambia Mswahili anunue khanga ni kama kumwambia anunue chumvi, lakini wapo akina mama wengi wa umri wangu wanaofika wodini na taulo mbili nzuri za kufumwa na khanga moja tu waliyojifunga. Mtoto anapotoka tumboni huwa amelowa, na maji yanayokauka juu ya ngozi yake humpoza upesi hata katika joto la Dar es Salaam. Kwa hiyo jambo la kwanza analofanyiwa ni kukaushwa mwili na kichwa, kisha kile kitambaa kilicholowa huondolewa na kufunikwa kwa kingine kikavu akiwa kifuani kwa mama yake. Hapo pekee zimekwisha khanga mbili. Ongeza ya kujitandikia, ya kujifunga, ya kumbebea wakati wa kutoka, na moja ya akiba kwa ajili ya lile ambalo hakuna aliyelitarajia. Mimi nilikwenda na vipande sita, na vyote vilirudi nyumbani vikihitaji kufuliwa.

Tatizo ni kwamba khanga za leo si zote ni pamba. Nyingi zilizopangwa madukani zimechanganywa na nailoni, rangi yake inang'aa, bei yake ni nafuu, na maji yakidondokea juu yake yanateleza badala ya kunywewa. Nilinunua doti tatu, mbili kwa shilingi 12,000 kila moja na ya tatu kwa 8,000, na ile ya 8,000 ndiyo iliyonifunza. Usiku wa pili mtoto alikojoa, na mkojo ukasambaa juu ya kitambaa hadi shingoni kwake. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kutoka Kilwa kunisaidia, alichomoa uzi mmoja wa pindo akauchoma kwa kiberiti mbele yangu: ukayeyuka na kuacha kijidonge cheusi kigumu. Uzi wa doti nyingine uliungua kama karatasi na kuacha jivu. Dukani huwezi kuwasha kiberiti, lakini unaweza kulowanisha ncha ya kidole na kuigusisha kwenye kitambaa, na muuzaji mwenye khanga za pamba hatakukataza. Yeye mama alikuwa amekuja na khanga nne kuukuu, zilizofuliwa miaka mpaka maandishi yake hayasomeki, na nakiri kwamba nilipoziona zikitoka kwenye kikapu niliona haya kidogo, nikawaza wageni watasemaje. Baada ya wiki moja nilikuwa nazificha ili asizichukue mtu mwingine. Khanga mpya hutoka kiwandani ikiwa na wanga unaoikakamaza, hivyo asiye na za zamani na azifue mpya mara mbili au tatu kabla ya mtoto kuja.

Nepi za kitambaa zinafuata, nazo zinahitaji hesabu. Mtoto anayenyonya vizuri, kuanzia mwisho wa wiki ya kwanza, hukojoa walau mara sita kwa siku, na katika majuma ya mwanzo wengi hupata choo karibu kila wanyonyapo, yaani mara nane hadi kumi na mbili kwa usiku na mchana. Nilinunua nepi 24 nikidhani nimenunua nyingi. Wakati wa kiangazi zingetosha, kwa sababu jua la Dar es Salaam hukausha nepi kwa saa mbili, lakini masika hayana jua, na zilipofika siku tatu za mvua mfululizo tulikuwa na kamba za nepi sebuleni, chumbani na mpaka juu ya friji. Kwa anayetarajia mtoto kati ya Machi na Mei nashauri 36, na kwa miezi mingine 24 zinatosha. Zile zilizofumwa kama taulo hunyonya sana ila hukauka kwa shida; zile za kitambaa chepesi kinachokunjwa mara mbili hukauka upesi na zinafulika kwa mkono bila kuumiza kiganja. Nilinunua nusu kwa nusu, na kama ningerudi leo ningechukua nyepesi theluthi mbili. Pini zake zinunuliwe zile zenye kichwa cha plastiki kinachojifunga, maana pini ya kawaida inafunguka.

Na pasi ya kunyooshea ihesabiwe kuwa kifaa cha mtoto. Katika mikoa yetu yenye joto wako nzi wanaotaga mayai katika nguo zenye unyevu, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa juu ya majani, na funza wao hupenya ngozi na kuota kama jipu. Pasi ya moto inayopita pande zote mbili, mpaka kwenye mishono, huyaua mayai hayo. Mtoto wa jirani yetu alipata jipu la namna hiyo mgongoni kipindi hicho hicho cha mvua, na tangu hapo hakuna nepi iliyomgusa mtoto wangu bila kupigwa pasi. Umeme ulipokatika tulitumia ya mkaa.

Kuhusu pampasi, sina ugomvi nazo. Zilitusaidia usiku na siku za kwenda kliniki, na siku zile tatu za mvua zilituokoa. Kosa langu lilikuwa kununua pakiti tatu za saizi ya kwanza, ile iliyoandikwa kilo 2 hadi 5, kwa kuwa zilikuwa na punguzo. Mtoto alifikisha kilo 5 kabla ya miezi miwili, na pakiti ya tatu ilibaki haijafunguliwa. Pakiti moja ndogo inatosha kuanzia, kisha mtu anunue kadiri uzito unavyokwenda, maana pampasi haziishi Dar es Salaam hata siku ya Idd. Wakati kitovu hakijadondoka ukingo wa mbele ukunjwe chini yake ili kisifunikwe wala kulowa mkojo.

Kitovu chenyewe hakikuhitaji kitu chochote kutoka Kariakoo, ingawa nilishawishiwa kununua spiriti, poda na bandeji yake. Nesi aliyenihudumia alinieleza kwamba kiachwe wazi, kikavu na kisafi, na kwamba dawa yoyote ipakwe tu ikiwa imetolewa na mhudumu wa afya mwenyewe. Kilidondoka siku ya nane. Spiriti ile nimeigeuza kuwa ya kusafishia kioo cha simu.

Nguo ndizo zilizotafuna fedha zaidi, na hapa ndipo nilipozipima hali mbili za hewa. Njombe, mtoto wangu wa kwanza alivaa fulana, sweta la sufu, kofia, soksi na blanketi mbili, na bado tulimweka kifuani usiku ili apate joto. Kwa watu wa Njombe, Mbeya, Lushoto au Arusha, sweta mbili nzuri na kofia zinazoziba masikio si anasa, na pesa itakayotumika hapo isionewe uchungu. Dar es Salaam ni habari nyingine. Mtoto mchanga huhitaji takribani tabaka moja la nguo zaidi ya mtu mzima aliye katika chumba hicho hicho, na mtu mzima wa Mbagala usiku wa Aprili amevaa khanga. Nilinunua sweta tatu, na mbili hazikuvaliwa. Ya tatu ilivaliwa mara moja, siku ya kutoka hospitalini, kwa sababu shangazi yake mume wangu alisisitiza, na tulipofika nyumbani mgongo wa mtoto ulikuwa umelowa jasho na kifua kimeanza kutoka vipele vya joto. Kwa Pwani, fulana sita za pamba zinazofunguka mbele, kofia mbili nyepesi kwa siku za mwanzo na soksi jozi tatu zinatosha. Nasisitiza zinazofunguka mbele, kwa maana kumvisha fulana ya kupitisha kichwani mtoto ambaye shingo yake haijakaza ni kazi ya watu wawili, na nguo hiyo ikichafuka choo hadi mgongoni lazima ipitishwe tena usoni.

Glovu nilizinunua jozi nne na sizipendekezi. Zilidondoka kila wakati, na siku moja nilikuta uzi uliolegea ndani ya glovu umejizungusha kwenye kidole cha mtoto na kukiacha na alama nyekundu. Ungekaa usiku kucha ungeweza kuzuia damu. Kumkata kucha akiwa amelala ni bora zaidi, na mkono ulio wazi humsaidia kulitafuta ziwa.

Nguo bora kuliko zote hazikutoka dukani bali soko la mtumba la Karume, pale Mchikichini. Ovaroli tano za pamba nzito, zenye vifungo kutoka shingoni hadi mguuni, kwa shilingi 2,000 kila moja, zimemtosha mtoto mpaka mwezi wa tatu na bado zinamsubiri mdogo wa mtu mwingine. Watoto wachanga hukua haraka mno kiasi kwamba nguo zao za mtumba mara nyingi hufika hazijachakaa. Zilowekwe katika maji ya moto na sabuni, zianikwe juani, kisha zipigwe pasi. Wifi yangu alikataa kabisa kusimama nami katika meza ile akisema mtoto wa kaka yake hawezi kuanza maisha na mtumba, na nimeona vema kuliandika hili kwa kuwa wiki iliyopita aliniomba mbili kwa ajili ya mwanawe.

Beseni la plastiki lilinunuliwa kwa shilingi 9,000 na lina alama za juu. Nashauri mawili, moja la kumwogeshea mtoto na jingine la kulowekea nepi, yenye rangi tofauti ili mtu yeyote atakayesaidia asikosee. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe kabla ya kutimiza saa 24 tangu kuzaliwa, hivyo beseni halihitaji kwenda hospitalini, jambo ambalo nimeona wengi hawalijui: wodini nilipokuwa kulikuwa na mabeseni mengi kuliko vitanda. Sabuni yoyote isiyo na manukato makali inatosha, na mche mmoja hukaa mwezi. Mafuta ya nazi tuliyotengenezewa nyumbani yalifanya vizuri kuliko chupa mbili za mafuta ya kunukia nilizonunua kwa shilingi 14,000, ambazo moja ilimtoa vipele mashavuni.

Poda sikuinunua, lakini nililetewa makopo matano. Unga wake hupeperuka na kuvutwa puani, na mapafu ya mtoto mchanga hayana haja nao. Zaidi ya hayo, kampuni ya Johnson & Johnson, iliyozoeza dunia nzima harufu hiyo, ilitangaza mwaka 2022 kwamba ingeacha kuuza poda ya watoto iliyotengenezwa kwa talki kote duniani mwaka 2023 na kubakia na ya wanga wa mahindi, baada ya maelfu ya kesi mahakamani nchini Marekani, ingawa kampuni yenyewe ilishikilia kuwa bidhaa yake ni salama. Makopo yangu matano yanasubiri mtu mwenye miguu inayonuka. Wanja nao uliletwa, na mama mkwe alitaka ampake mtoto machoni kama alivyowapaka wanawe wote saba; nilimwomba kwa heshima tumwache, kwa sababu wanja wa mawe wa aina nyingi una madini ya risasi, ambayo huathiri ubongo wa mtoto. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia, "Haya mwanangu, mtoto ni wako," akampaka mjukuu wake mkubwa.

Neti ni kitu ambacho fedha yangu ilipotea bure. Kariakoo nilinunua neti ya mwavuli, ile inayokunjuka kama kawa, kwa shilingi 15,000. Ni nzuri kwa kuzuia nzi mchana mtoto anapolala mkekani, na mama mkwe aliipenda. Lakini haikuwa na dawa, na ilipoguswa na mkono wa mtoto mbu alimng'ata kupitia matundu. Neti iliyofanya kazi ni ile kubwa yenye dawa niliyopewa kliniki bila malipo nilipoanza kuhudhuria, iliyotundikwa juu ya kitanda chetu. Wenye kumbukumbu watakumbuka enzi za Hati Punguzo, mpango uliodumu kuanzia mwaka 2004 hadi 2014, ambapo mjamzito alipewa hati kliniki na kwenda nayo dukani kununua neti kwa bei pungufu. Siku hizi neti hutolewa kliniki moja kwa moja, na ajabu ni kwamba nyumba nyingi zimeiweka kabatini zikiisubiri ichakae ile ya dukani.

Sasa nije kwenye kitu kidogo kilichokuwa nje kabisa ya orodha yangu. Kipimajoto cha kidijitali kilinunuliwa famasi kwa shilingi 7,000, siku mbili baada ya kujifungua, kwa sababu dada yangu alinipigia simu akanishikilia. Siku ya tisa mtoto alinyonya kivivu na kulala kupita kawaida. Kwa kumgusa paji la uso sikuona tofauti, na mama mkwe aliyemgusa kifuani alisema ni joto la kawaida la hali ya hewa. Kipimajoto kwapani kilisoma 38.1. Joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na likizidi hapo, au likishuka chini ya 35.5, au mtoto akikataa kunyonya, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, au akipata degedege, ni safari ya hospitali usiku huo huo bila kusubiri asubuhi. Tulikwenda kwa bajaji saa tano usiku, ikagundulika ana maambukizi, akatibiwa kwa sindano kwa siku saba na akapona. Kati ya shilingi 486,000 nilizotumia, na hii 7,000 iliyokuwa nje yake, najua ni ipi ambayo nisingekubali kurudishiwa.

Chupa za kunyonyeshea nilinunua mbili, pamoja na brashi yake na sufuria ndogo ya kuchemshia. Hazikutumika kwa miezi mitatu. Mtoto anatakiwa anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, bila maji, bila uji na bila dawa ya chango, na hata maziwa yaliyokamuliwa hunywesheka kwa kikombe kidogo kisicho na kona, ambacho huoshwa kwa urahisi kuliko chupa yenye shingo na chuchu yenye vijitundu. Muuzaji alipokuwa akinisifia chupa alinionyesha na kopo la maziwa ya unga "la akiba, mama, maana huwezi kujua." Akiba hiyo ni ghali, na mara nyingi huanza kutumika kwa sababu tu ipo. Anayeshauriwa na daktari kutumia maziwa hayo atayapata siku hiyo hiyo.

Pampu ya mkono ya kukamulia maziwa, shilingi 28,000, ina tathmini ya mseto. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, na baada ya hapo inamtaka mwajiri amruhusu kunyonyesha katika saa za kazi hadi saa mbili kwa siku. Mtu anayefanya kazi Posta, katikati ya jiji, na kuishi Mbagala anajua kwamba saa mbili hizo huishia barabarani, kwa hiyo nilihitaji kukamua. Pampu ilifanya kazi vizuri wiki tatu, kisha mpira wake ukalegea na kuacha kuvuta, na duka halikuwa na vipuri. Nesi wa kliniki alinifundisha kukamua kwa mkono, kidole gumba juu na vingine chini, kubana kuelekea kifuani kisha kuachia, na sasa najaza kikombe kwa muda uleule. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa nne katika chumba chenye nyuzi 25 hivi, ambazo ofisi zetu huzifikia pale tu kiyoyozi kinapofanya kazi, kwa hiyo kilichostahili pesa zaidi ya pampu ni kikasha cha kubebea barafu cha shilingi 12,000.

Mabegi ya mtoto yenye mifuko kumi na mbili, viatu vya mtoto asiyetembea, na kigari cha kusukuma ambacho tairi zake zilizama kwenye mchanga wa mtaa wetu siku ya kwanza sitavijadili. Mbeleko ilifanya kazi ya vyote vitatu. Kwa upande wa mfuko wa hospitali, vifaa vya kujifungulia kama glovu, pamba, mpira wa kutandika na vibano vya kitovu huuzwa famasi vikiwa vimefungwa pamoja, lakini mahitaji hutofautiana kituo hadi kituo, na mimi nilinunua vitu viwili ambavyo nilivikuta wodini. Swali hilo liulizwe kliniki mapema, kabla ya wiki ya 36.

Mama mkwe wangu tangu mwanzo alipinga ununuzi huu mkubwa. Alisema mtoto asiyezaliwa hawekewi kabati, kwamba ni mkosi, na nilimsikiliza kwa adabu huku nikiendelea na orodha yangu. Sina hakika na mkosi, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi kuliko yangu, kwa sababu wageni waliokuja kumwona mtoto walileta miche kumi na moja ya sabuni, blanketi saba, na pampasi za saizi mbalimbali ambazo ziliendelea kutumika mpaka mwezi wa tatu.

Kilichobaki ni kitanda. Kitanda cha mbao chenye nguzo pembeni, pamoja na seti ya godoro, mto na mito mirefu ya kuzungushia ndani, kilichukua shilingi 190,000. Mbao ni nzuri na fundi hakudanganya vipimo. Lakini mtoto mchanga anatakiwa alazwe chali, mahali pagumu na tambarare, pasipo na mto wala kitu laini kinachoweza kumziba pua, na mito ile ya pembeni ilipigwa marufuku kuuzwa nchini Marekani mwaka 2022 kwa sababu ya hatari hiyo. Niliitoa yote siku ya kwanza, na kilichobaki kilikuwa godoro jembamba na shuka. Mtoto alilala humo usiku mara nne. Kwa sasa kimejaa nepi zilizopigwa pasi, na kwa kazi hiyo kinafaa sana.